Alisema Kwao ni Kishanda

Wenzangu wa kwaya, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza safari ilikuwaje, na kila mara nimejibu "salama tu" nikageukia daftari la nyimbo. Siwafichi. Nikianza kueleza kwa mdomo nafika katikati, sauti inakatika, ninyi mnaniletea maji na habari inaishia hapo. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Shule yangu ni darasa la saba na kozi ya kushona, mtanivumilia.

Ndoto yangu mnaijua, maana mnaicheka kila Jumamosi. Nataka kuwa mtangazaji wa redio, yule anayekaa na watu kuwauliza maisha yao. Ndiyo sababu nikikutana na mtu nisiyemjua namuuliza, "Ukiwa mtoto ulikuwa unaogopa nini?" au, "Nyumbani walikuwa wanakuita nani?" Niliamini mtu akishakupa utoto wake umeshamjua. Nilikuwa naamini hivyo mpaka wiki ile.

Rubafu mpaka Bukoba

Simu ilimkuta mama akiwa anamenya ndizi. Aliyepiga ni mwanamke wa kisiwani, huko ziwani upande wa Muleba. Alisema kuna kijana wa kambini kwao amefariki kwa homa ya siku tatu, boti hazikutembea kwa sababu ya upepo, wamemzika. Kwenye begi lake wamekuta kikaratasi chenye namba hii.

"Anaitwa Novati?" mama akauliza.

"Hilo jina silijui, mama. Sisi tulimwita Kengele. Na yeye alisema kwao ni Kishanda."

Novati ni kaka yangu mkubwa. Mama alimzaa kabla hajaolewa na baba, akaja naye hapa kwetu akiwa anatambaa. Aliondoka kwenda kuvua, na mwaka huu ulikuwa wa nne hatujasikia sauti yake. Mama aliweka simu juu ya maganda, akaendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha, ndipo akasema, "Adela, nenda ukaniangalizie. Nataka kujua kama nalia au silii."

Baba alikuwa mlangoni anasuka tenga. Hakusema nenda, hakusema usiende.

Niliondoka asubuhi na mapema kwa pikipiki. Mvua ilitukuta njiani, tukajibanza kwenye kibanda cha mtu anayeuza chapati. Kwenye mfuko nilikuwa na amwani, zile kahawa za kutafuna, nilizofunga kwenye jani kavu la mgomba. Nikampa muuza chapati punje mbili, naye akanipa kiti. Nikamuuliza alikuwa anaogopa nini utotoni. Akasema, "Mwalimu wa hesabu. Hadi leo nikimwona sokoni navuka barabara." Tukacheka sana. Mniamini, nilikuwa nacheka kabisa. Mtu huenda kutafuta habari ya kifo na bado chapati inamtamanisha.

Bukoba mpaka Muleba

Stendi ya Bukoba tuliambiwa gari linaondoka saa tatu, likaondoka saa sita. Nilikaa na mama mmoja mtu mzima, Ma Leokadia, anayerudi kwake Muleba kutoka kliniki ya macho. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kwa bandeji. Aliniuliza naenda wapi, nikamwambia kisiwani.

Akanisogeza kidogo aniangalie vizuri kwa lile jicho lililobaki. "Binti mzuri hivi! Kwenu hawajui kinachofanyika huko? Unaenda kuuza baa?"

"Hapana, waitu," nikamwitikia kwa heshima ya kwetu. "Naenda kumwangalia kaka."

"Wote husema kaka."

Mbele ya Kemondo tairi likapasuka. Tukashuka, tukasimama kando ya shamba la watu, dereva anatafuta jeki ambayo kumbe ameiazimisha kwa mwenzake. Nikampa Ma Leokadia amwani, akalainika. Nikamuuliza swali langu.

Alitafuna kwanza. "Nilikuwa naogopa kugawiwa," akasema.

"Kugawiwa vipi?"

"Mama yetu alikufa tukiwa watano. Baada ya matanga ndugu wakakaa uani wakatugawana. Huyu achukue huyu anaweza kuchunga, yule achukue yule ananyonya bado. Mimi nilikuwa wa tatu. Nilijificha kwenye majani ya migomba nikiwasikiliza wanasema, na yule mwenye meno mabovu, nani anamtaka?" Akanionyesha meno, yalikuwa mazuri tu. "Yaliota mengine."

Yeye akaniuliza, "Na huyo kaka yako, alikuwa anaogopa nini?"

Nikafungua mdomo kujibu. Nilitaka kusema nyoka, lakini anayeogopa nyoka ni mimi. Nilitaka kusema radi, lakini wa radi ni wadogo zangu. Mtu niliyekua naye uani kwetu, aliyenibeba mgongoni kwenda kisimani, sikujua alikuwa anaogopa nini.

"Hakuwa mwoga," nikasema.

"Basi hukumuuliza," Ma Leokadia akasema, akatema ganda la kahawa.

Tulifika Muleba jioni. Alinichukua nikalala kwake, akanipikia katogo ya ndizi na maharage, akanichagulia sehemu yenye mafuta. Asubuhi alinisindikiza hadi barabarani akishika ukuta kwa mkono.

Mwaloni

Sehemu hii, hapo mwaloni boti zinapopakia, ilikuwa ya kungoja. Boti ilikuwa inasubiri barafu, gari la barafu lilikuwa limekwama kwenye tope. Kila nikiuliza, naambiwa, "Saa hizi hizi, dada." Nilikaa juu ya gunia la unga tangu saa mbili hadi saa nane. Hewa ilikuwa inanuka dagaa, na wingu lilikuwa zito hadi ziwa lilionekana kama bati kuukuu.

Hapo ndipo nilipoitoa picha ya Novati kwa mara ya kwanza kuwaonyesha watu. Ni ile ya Komunyo ya Kwanza, ana shati jeupe na mshumaa, hana hata miaka kumi na miwili. Nyingine hatukuwa nayo. Wavuvi waliizungusha mikononi kwao.

"Huyu ni mtoto," mmoja akasema.

"Sasa amekuwa mkubwa."

"Dada, mtoto mwenye mshumaa ni mtoto mwenye mshumaa. Hata mimi nilifanana hivyo, na mimi ni Msukuma wa Sengerema."

Wakacheka, nami nikacheka nao, halafu nikajikuta nalia. Yule Msukuma akavua koti lake la mvua akanipa.

Kisiwani

Tulifika kukiwa bado na mwanga. Nyumba za mabati zimebanana, dagaa wameanikwa kila mahali, watu wa kila kabila. Mgomba haupo hata mmoja. Sijawahi kusimama mahali pasipo na mgomba, nikahisi kama nimeingia nyumba isiyo na watu.

Yule aliyepiga simu anaitwa Mama Sabina, Mkerewe, anawapikia wavuvi wa kambi ile. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha. Alinipa ugali na sangara kabla hajaniruhusu kuuliza chochote.

"Kula. Aliyekufa hatakimbia."

Nikala. Halafu nikamuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mrefu wa kadiri, akasema, mweusi, mpole. Namna hiyo wako nusu ya wanaume wa Kagera. Kitambulisho hakuwa nacho, kilishaanguka majini zamani. Kijana mmoja alikuwa na picha kwenye simu, kambi nzima wanavuta nyavu, lakini Kengele alikuwa amewapa mgongo, amevaa kofia ya koti.

"Kwa nini mlimwita Kengele?"

Wote waliokuwa pale wakaanza kusema pamoja. Mama Sabina akawanyamazisha kwa mwiko.

"Tulimuuliza kwao, kama tunavyoulizana hapa. Akasema, kwetu Kishanda, baba yangu ndiye mpiga kengele wa kigango. Siyo kengele ya kununua, ni ringi ya gari imetundikwa mtini. Alipokuwa mdogo alitamani kuipiga, basi siku moja mchana, watu wako mashambani, akapanda juu ya debe akaipiga mpaka mkono ukachoka. Kijiji kizima kikaja mbio na majembe, wanauliza nani amekufa! Wamama wameshaanza kulia!"

"Na baba yake?" akadakia kijana mwenye simu, anaijua kwa moyo.

"Baba yake akaja na baiskeli. Mtoto anajua leo nachapwa. Mzee akawatazama watu, akasema, hakuna aliyekufa, mwanangu alitaka kuwaona tu. Akampakia mbele kwenye bomba la baiskeli, wakaenda zao nyumbani."

Wavuvi wakacheka.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. "Siyo yeye," nikasema. "Siyo kaka yangu!"

Hebu fikirini. Baba yangu hajawahi kupiga kengele ya kigango, na hatuna undugu Kishanda. Na zaidi ya hayo, Novati hakuwahi kupakiwa kwenye baiskeli ya baba hata siku moja. Hiyo ndiyo ilikuwa hakika yangu. Nilijua huyu siye kaka yangu kwa sababu utoto wake ulikuwa mzuri.

"Lakini ile namba?" akauliza Mama Sabina.

"Walikuwa Wahaya wawili hapa," mzee mmoja wa nyavu akasema. "Nasikia walikuwa marafiki. Mwingine aliondoka mwaka juzi, mimi sikumkuta."

"Ndiye Novati!" nikasema. "Amemwachia mwenzake namba ya mama."

Mama Sabina naye alikuja kambini baada ya huyo kuondoka. Waliokuwa wanawajua wote wawili walishahamia visiwa vingine kufuata samaki. Basi hakuna aliyebisha. Nikapanda kwenye jiwe lenye mtandao, nikampigia mama.

"Siyo yeye."

"Rudia," mama akasema.

"Siyo Nova, mama. Ni mtu wa Kishanda."

Sauti aliyoitoa mama sitaiandika. Nyuma yake nikawasikia majirani wakipiga vigelegele.

Asubuhi walinipeleka kaburini kwa heshima tu. Ni rundo la mawe juu ya kilima kidogo, na msalaba wa mbao za boti. Mfuko wa plastiki ulikuwa umenasa kwenye msalaba, nikautoa. Nikasema sala fupi ya mtu baki. Sikupiga hata goti, udongo ulikuwa umelowa nami nilikuwa nimevaa sketi safi.

Nilipokuwa naondoka Mama Sabina alinipa begi. "Wewe ni Mhaya, unapita Muleba. Wapelekee watu wa Kishanda. Uwaambie alikuwa anatuchekesha." Begi lilikuwa la buluu, zipu yake imeshonwa upya kwa uzi wa nyavu. Kwenye boti nililipakata, na Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimebeba nguo za marehemu na naimba kimoyomoyo.

Kishanda

Kutoka Muleba nilichukua pikipiki. Sikuhitaji jina. Niliuliza tu nyumba ya mpiga kengele wa kigango, mtoto wa shule akanionyesha kwa mdomo.

Ni nyumba ya bati, kibanja, shamba la migomba la nyumbani, kimefunikwa majani vizuri, ng'ombe mmoja zizini. Mzee mwenyewe, Ta Felisiani, alikuwa kwenye kigoda anapukuchua maharage, mkewe, Ma Anjela, kando yake.

"Hodi, waitu."

"Karibu, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Rubafu."

"Rubafu yote hiyo! Umekuja kuolewa hapa?"

"Felisiani, mwache mtoto wa watu apumue," mkewe akasema, akanisogezea mkeka.

Walinipa ndizi na samaki. Waliniuliza mimi ni mtoto wa nani, wazazi wazima, shule nilifika wapi. Walikuwa wanauliza kama ninavyouliza mimi, na kila swali lilinibana zaidi, kwa kuwa nilijua nimewabebea nini. Mwishowe nikasema, "Ta, mna kijana aliyekuwa kisiwani kuvua?"

"Tunaye."

"Mara ya mwisho mlisikia habari zake lini?"

Ma Anjela akacheka. "Leo asubuhi. Alikuwa analalamika uji hauna sukari."

Nikadhani wana vijana wawili. "Siyo huyo. Yule aliyepiga kengele mchana akiwa mdogo, kijiji kikaja na majembe."

Mzee akajipiga paja. "Eh! Imefika Rubafu! Projesti! Projesti, njoo usikie, sifa zako zimevuka mto!"

Akatokea nyuma ya zizi mwanamume mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alikuwa anatabasamu, tayari kutaniwa. Kisha akaona begi mapajani mwangu. Alitua majani taratibu.

"Begi hilo nilimpa Nova," akasema. "Zipu niliishona mimi. Yuko wapi?"

Mimi nilikuwa nimeshika ndizi mkononi, sikuweza kuila wala kuirudisha kwenye sahani.

Projesti alikaa chini kwenye majani yake. "Tukiwa tunaanika dagaa kila mtu anaulizwa kwao," akasema. "Nova alikuwa akiulizwa, anaenda kuchota maji. Lakini mimi nikisimulia ya hapa, haondoki. Ananiambia, rudia pale mzee alipokupakia kwenye baiskeli. Nimeisimulia hiyo mpaka nikaichoka. Siku naondoka akaniambia, Projesti, wewe unarudi, hutaihitaji huku tena. Niachie. Nikadhani anataka blanketi. Akasema, niachie kwenu. Wakiniuliza niwe na cha kujibu." Akajifuta uso kwa jani. "Nikacheka. Nikamwambia chukua, haipungui."

Ma Anjela alinitazama. Hakuniuliza kwa ubaya. "Kwani kwenu hakukuwa na watu?"

"Tulikuwepo, Ma."

Nikawasimulia, ndiyo mara ya kwanza kusikia maneno hayo yakitoka kinywani kwangu. Novati alikuwa analala jikoni na mbuzi, sisi tunalala nyumba kubwa. Nilizoea kulisimulia hilo kama kichekesho, kwamba kaka yangu alipenda joto la mafiga. Na siku baba alipowaita wazee wa ukoo kuwaonyesha wadogo zangu sehemu zao za kibanja, Novati ndiye aliyeshika kamba ya kupimia. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alivuta kamba kutoka mpaka hadi mpaka, kila mtoto akaonyeshwa migomba yake, halafu akaikunja vizuri akamrudishia baba. Mimi nilikuwa nacheza kuruka kamba ile ikiwa chini. Ninakumbuka ilikuwa siku nzuri.

Ta Felisiani alikuwa ameacha kupukuchua. "Alikuja hapa mara ngapi?" akamuuliza mwanawe.

"Hajawahi kufika, Tata."

Mzee akatikisa kichwa. "Angekuja," akasema. "Angekuja tu."

Kurudi nyumbani

Njia ya kurudi sina la kuwaeleza. Kulikuwa na gari, kulikuwa na mvua, mtu alikaa kando yangu kutoka Muleba mpaka Bukoba na sikumuuliza hata jina.

Mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Jumuiya walikuwa wamesali pale nyumbani sala ya shukrani siku iliyotangulia, viti vya kuazima vilikuwa bado uani. Nilimwambia hapo hapo kwenye viti, kwa maneno machache, kwa sababu mengi nisingeyaweza. Nilimwambia nimekosea. Nilimwambia nilisimama kaburini kwake nikamwombea kama mgeni. Nilitegemea anipige. Alinishika mkono tu, akawa anaukanda, kama mtu anayetafuta mfupa uliovunjika.

Alilia siku nzima. Kesho yake akaniita.

"Walipomuuliza kwao, alisema wapi?"

"Kishanda, mama."

"Ni watu gani hao?"

"Ni watu wazuri."

"Nyumba yao ikoje?"

Nikamwambia ni ya bati. Akauliza mlango unatazama wapi, kama kibanja kina majani ya kutosha, kama wana ng'ombe na nani anamkamua. Akauliza kama yule mama ana sauti kali. Nikamwambia hapana, ana sauti ya chini. Akauliza walinipa chakula gani, na kama walinipa wenyewe au nilijipakulia. Aliuliza kama mama anayeulizia mji alikoolewa binti yake, nami nilimjibu kila kitu, hata rangi ya dirisha.

Baba alikuwa mlangoni. Tenga lilikuwa limeisha, mikono yake haikuwa na kazi. Alisikiliza mpaka maswali ya mama yakakoma. Kisha akasema, bila kunitazama, "Na mimi? Huko kisiwani, alisema nini juu yangu?"

Ningeweza kumpa ile ya baiskeli. Ilikuwa mdomoni. Mama alikuwa ananitazama.

"Hakukutaja, baba."

"Ee," baba akasema.

Akachukua panga, akaingia kibanjani. Tukamsikia anakata majani makavu ya migomba, mstari baada ya mstari, upande ule aliokuwa ameshausafisha Jumamosi.